Karibu, Yasema Lenzi

Niliinunua Ruwi, kwa Biju wa duka la ghorofani,
riyali sitini na tano, baada ya kubishana hadi adhana.
Mpira wa pete umelegea, nimeuzungushia utepe wa fundi umeme.
Mdomo una bonyeo, la tangu mwamba wa Wadi Bani Khalid,
na kioo kimetuna kama jicho la nguru.
Milimita ishirini na nne.
Ninayo nyingine, ndefu, ya kuchungulia;
imelala kabatini kama mkwe asiyependwa.

Ile ndefu hukuacha usimame kando, uibe.
Hii haikuachi.
Ukisimama mbali nayo, watu huwa punje za mtama kwenye sinia,
kilichobaki ni anga, lami, nyaya, na gari la mtu.
Basi hukwambia neno moja, lile lile la mlangoni kwetu:
karibu.
Umekaribia. Bado: karibu.
Mpaka usikie udi kwenye kanzu,
mpaka jasho la mcheza razha likurukie pajini,
mpaka mgawa kahawa akuulize,
"Kijana, unakunywa au unapiga?"

Alhamisi, harusi ya Muhannad, Ibra.
Safu mbili za wanaume, ngoma imewaingia kifuani.
Upanga ukarushwa juu, ukatetema kwenye mwanga,
nami chini yake, goti moja vumbini,
nikibonyeza huku nikisoma shahada.
Ulidakwa. Pichani umekuwa mrefu kuliko ngome ya nyuma yake.
Ndio uongo wake mdogo, nimeuzoea:
kilicho karibu hukikuza,
na aliyesimama ukingoni humvuta kama halwa ya moto.
Shangazi Thuwaiba hakai tena pembeni
tangu picha ya Idi iliyompa shavu la papai.

Usiku, nyumbani Al Khoud, nikazifungua.
Macho hayana pazia, husema wazee wetu,
ila yangu yana mlango mwembamba:
mimi niliona upanga tu.
Lenzi ilimwona Shafikul na sinia la wali, mdomo wazi,
ilimwona mtoto anayetafuta kiatu cha pili,
na kule mwisho kabisa, penye pengo la ukuta,
kando ya pikapu nyeupe,
mtu, mikono nyuma, kilemba cha zambarau.

Ami Harith.
Miaka kumi na mmoja hajaukanyaga ule ua.
Habari ya zamu ya maji, ya falaji,
nusu saa ya maji, naapa, nusu saa.
Amesimama pale pale lenzi inapovuta,
bega limerefuka,
ukimtazama haraka wadhani anainama kuingia.

Jumamosi akaja Ami Suleyum, baba wa bwana harusi, kuchagua picha.
Alikwenda upesi, hii, hii, hii siyo,
halafu kidole kikasimama juu ya kioo.
"Huyu."
Nikanyamaza.
"Anakatika?"
"Anakatika," nikasema.
Ni kazi ya kidole kimoja, kusogeza ukingo.
Na niseme kweli: bila yeye, picha ni safi zaidi,
upanga ungepata nafasi ya kupumua.
Akanywa kahawa. Akanywa tena.
Akaitikisa finjani, kwamba imetosha,
akavaa viatu, akaenda zake.
Hakusema ikatwe. Hakusema isikatwe.

Saa nane za usiku simu ikalia kidogo, ujumbe:
*Iache ilivyo. Chapa mbili.*

Sikuuliza ya pili ni ya nani.
Nimetafuta bahasha Ruwi nzima, kwa Biju na kwa jirani zake,
mpaka nikapata ile pana,
ambayo picha huingia
bila kukunjwa pembe.